Kiti Kilichofunga Mkanda

Mtaani walimwita Misumari. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki kabatini.

Alikuwa fundi makochi. Miaka arobaini na mmoja alifanya kazi na misumari midogo mdomoni, kumi, kumi na miwili, ameibana kwa midomo. Anatoa mmoja, anagonga. Anatoa mwingine, anagonga. Mtu mwenye misumari mdomoni hazungumzi. Ukimuuliza kitu anakujibu, "Mh." Mteja akisema kochi liwe jekundu, "Mh." Akisema litoke Ijumaa, "Mh." Ijumaa ikifika kochi halijatoka, mteja akawaka kama moto wa kifuu, "Mh." Mteja anazimika mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumshika Misumari kwa neno, maana neno lenyewe hakulitoa.

Baadaye akagundua kwamba misumari inafaa hata pasipo na kochi. Mgeni akizidi maneno, anatia mkono mfukoni, anajaza mdomo, basi. Alipofiwa na mkewe watu walikuja kumwambia apige moyo konde. Alikaa na misumari mdomoni siku tatu. Aliitoa wakati wa kula tu, na alikula kidogo.

Misumari alimwita mkewe Mwenzangu. Mke naye alimwita Fundi, kama mteja.

"Mbona huniiti mume wangu, kama wanawake wengine?" alimuuliza siku moja.

"Siku utakayomaliza kiti changu, Fundi," mke alijibu. "Siku hiyo nitakaa, nitaegemea, nitaita 'mume wangu, mume wangu' mpaka majirani wahame."

Kiti chenyewe kilikuwa kifupi, kipana, kisicho na mikono. Misumari alikiunda mwaka waliooana. Akaunda fremu, akafunga springi, akaitwa kwenye kazi ya mtu. Ndiyo ikawa hivyo. Kinyozi hajinyoi. Mke alikalia springi tupu, juu yake gunia lililokunjwa mara nne, miaka thelathini na minne. Akiinuka, zile duara za springi zimemchapa nyuma kwenye kanga. Alikuwa akisema yeye ana mhuri wa kampuni, haibiwi.

Kitambaa alishakichagua mwenyewe. Kijani, chenye majani madogo meupe. Kilikaa sandukuni miaka kumi na mmoja.

Mke aliugua mwezi mmoja, akafariki. Wiki iliyofuata Misumari alitoa kitambaa sandukuni akakimaliza kiti. Kilimchukua siku mbili.

Kumbe ilikuwa kazi ya siku mbili.

Alipomaliza hakumruhusu mtu kukikalia. Paka alijaribu mara moja, na tangu hapo akawa anapita upande mwingine wa chumba.

Sasa kulikuwa na kalenda.

Kalenda ilitoka duka la magodoro, alikokuwa akinunua sponji. Mwaka ulipokwisha, mke alikata miezi yote kwa mkasi, akaitupa, akabakiza picha. Miezi imeshatumika, alisema, picha bado. Picha ilikuwa ya mji wa pwani. Kulikuwa na mnara mweupe wa taa, na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Bahari ilikuwa upande wa kushoto, na mawingu yalikuwa mazuri kama sponji mpya. Pembeni palikuwa na nyumba yenye mlango wa bluu.

Bahari ilikuwa mbali na kwao, saa nne kwa gari. Saa nne ni nyingi kwa mwenye kochi la watu mkononi. Hawakuwahi kwenda. Lakini mke, kila akichochea chai, aliweka kidole kwenye picha, kushoto mwa mlango wa bluu.

"Hapa, Fundi. Utaniweka hapa na kiti changu."

"Mh."

Miaka kumi na minane ya kidole. Pale kwenye picha rangi ilitoka, pakabaki doa jeupe, duara, kama kipara.

Siku ya mwisho mke hakuweza kuinua kidole. Aliangalia tu ukutani. Misumari aliitema misumari yote kwenye kiganja, akasema, "Nitakukalisha pale." Ndiyo ahadi pekee aliyoitoa maishani mdomo ukiwa mtupu. Kwa hiyo ilimkaa.

*

Binti yake aliishi nchi nyingine. Alikuja kumwona babake kwa siku tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake, gari la kukodi, dogo, jeupe, lenye harufu ya kitu kipya.

"Baba, umekonda. Umejifungia humu kama nyanya kwenye jokofu. Kesho na keshokutwa nakutembeza pwani. Miji ya kule wanasema inapendeza. Jumapili saa mbili usiku narudisha gari, halafu napanda ndege."

Misumari alitia mkono mfukoni kutafuta misumari. Halafu akautoa mkono mtupu.

"Mamako anakwenda," alisema.

Binti alimtazama. Babake alikuwa amesimama mbele ya kiti.

"Baba."

"Nilimwambia nitamkalisha." Akabandua picha ukutani, akampa. Akamwonyesha lile doa. "Hapa."

"Mji huu unaitwaje?"

Hakujua. Hakusoma, na hata angesoma, jina kama lilikuwepo lilikatwa pamoja na miezi. Binti alipekua simu yake mpaka ikapata joto. Akasema pwani ile ina miji mitatu yenye kutembelewa, imefuatana barabara moja. Mmojawapo ndio huo, maana hakuna mingine.

Kiti hakikuingia buti. Hakikuingia kiti cha nyuma, kilikuwa kipana. Kiliingia mbele, pembeni ya dereva, kikakaa kama kimezaliwa pale. Misumari akapanda nyuma.

Binti akawasha gari. Gari likalia. Ti, ti, ti, ti. Taa nyekundu ikawaka.

"Limeharibika?" aliuliza Misumari.

"Linadhani mbele kuna mtu hajafunga mkanda."

Wakasikiliza. Ti, ti, ti. Binti alivuta mkanda, akauzungusha kwenye kiti, akaubana. Gari likanyamaza.

"Limemtambua," alisema Misumari.

Binti akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele muda mrefu kabla ya kuondoka.

Saa ya pili njiani, askari wa barabarani aliwasimamisha. Aliinama dirishani. Akakitazama kiti. Akamtazama mzee nyuma.

"Dada, mbona mzee kakaa nyuma na kiti kimekaa mbele?"

"Ni cha mama."

"Mama yuko wapi?"

Misumari akajibu kutoka nyuma:

"Ndiyo tunampeleka."

Askari alifikiri. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na jambo hili kwenye utaratibu hakulikumbuka. Akaushika mkanda wa kiti, akauvuta kuona kama umekaza. Umekaza. Akahamia dirisha la nyuma.

"Mzee, wewe mkanda wako uko wapi?"

"Mh."

"Kiti kina adabu kukuzidi! Funga. Na dada, nenda polepole, usimrushe mama kwenye matuta."

*

Mji wa kwanza ulikuwa na mnara. Waliuona toka mlimani, na Misumari akagonga bega la binti yake kwa picha. Ulikuwa mnara wenyewe. Mweupe, na kioo kimoja cha juu kimepasuka, vile vile kama kwenye picha.

Alikifungua kiti mkanda, akakibeba kichwani. Akauzunguka mnara akitafuta mlango wa bluu. Akauzunguka tena. Mlinzi wa mnara alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimwona mzee na kiti wakipita, akawaona wakipita tena, na mara ya tatu akasimama.

"Mzee, unahama au unahamia?"

Misumari akampa picha.

Mlinzi aliitazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine. "Mnara ni huu. Kioo kile nilikipasua mimi, kwa fagio. Lakini hapa hakuna mlango wa bluu. Kuna mlango mmoja tu, wa kijivu, na mimi ndiye niliyeupaka rangi, mara nne. Na hizi ngazi sizijui. Na bahari mbona iko kushoto?"

Wote watatu wakageuka. Bahari ilikuwa kulia.

"Labda tumesimama vibaya," alisema binti.

"Simama unavyotaka, dada. Simama hata kwa kichwa. Mnara unaweza kuhamishwa na mkandarasi. Bahari haihami."

Misumari akakishusha kiti. Akakigeuza kitazame maji, wakapumzika kidogo, yeye amesimama, kiti kimekaa. Lakini hapakuwa pale, na yeye alijua. Hukai karibu na mahali ulipoahidi ukasema umefika.

Walilala nyumba ya wageni. Dada wa mapokezi alikitazama kiti mikononi mwa mzee, akauliza, "Vyumba viwili, au vitatu?"

*

Jumapili asubuhi wakaingia mji wa pili. Mji wa pili haukuwa na mnara. Ulikuwa na ngazi.

Binti aliziona kwanza. Ngazi za mawe, pana, zinapinda kidogo katikati, zinashuka mpaka majini. Hazikuwa za mji mwingine. Gari halikuweza kusimama juu, barabara ilikuwa nyembamba. Wakaegesha chini, ufukweni.

"Wewe panda na mama," alisema binti, "mimi nazunguka mitaa ya nyuma natafuta mlango. Tukutane juu."

Ukimsema mtu mara nyingi kama yupo, mwisho anakuwa yupo. Binti hakugundua alichosema mpaka alipofika kona.

Misumari akapanda na kiti kichwani. Ngazi tisini na mbili. Karibu na juu palikuwa na kituo kidogo, na mbele yake utepe umefungwa toka ukuta hadi ukuta. Ulikuwa mwekundu zamani. Sasa ulikuwa rangi ya ufizi. Pumzi zilimwishia pale. Akashusha kiti, akakipangusa vumbi kwa leso, akakiweka sawa kiangalie bahari. Akasimama kando yake, wima, mikono nyuma. Alikuwa amevaa koti, maana alikuwa safarini na mkewe. Akajaza misumari mdomoni, apumzike.

Asichokijua ni habari ya utepe.

Ngazi zile zilikarabatiwa miaka miwili nyuma. Utepe ukafungwa, akasubiriwa mgeni rasmi aje akate. Mgeni rasmi akapata udhuru. Akapata udhuru mwingine. Hakuna aliyethubutu kuukata, maana utepe wa mgeni rasmi haukatwi na mkono wa mtu hivi hivi. Lakini watu walitaka kupita. Basi mji mzima ukawa unainama. Wazee waliinama, wauza samaki waliinama na ndoo zao, maharusi waliinama. Miaka miwili. Watu wa mji ule ungewajua popote, kwa jinsi wanavyoinamisha kichwa wakiona kamba ya nguo.

Mama mmoja muuza maji alipita, akainama, akainuka, akakiona kiti. Kiti kipya, kitambaa safi, kimewekwa mbele ya utepe. Mzee mwenye koti amesimama kando kama mlinzi wa ikulu.

"Mzee, shikamoo. Kiti hiki cha mgeni?"

"Mh."

"Anakuja leo?"

"Mh."

Mama aliweka maji chini akakimbia.

Nusu saa baadaye ngazi zilikuwa zimejaa. Walikuja wanafunzi na sare siku ya Jumapili. Ilikuja bendi ya tarumbeta, watu wanne na tarumbeta tatu. Alikuja mpiga picha wa mji. Akaja mwenyekiti wa mtaa, jasho linamtoka, suti imekunjamana, mkononi hotuba iliyoandikwa miaka miwili nyuma.

"Mzee, mbona hamkutuarifu? Tungepaka chokaa!" alinong'ona. "Yuko mbali?"

Misumari alitaka kusema. Lakini misumari ilikuwa kumi na miwili, na mtu akimnong'onezea alizoea kuiuma zaidi. Akatazama bahari.

Mwenyekiti naye akatazama bahari. "Anakuja kwa boti!" aliwatangazia watu. Wote wakageukia maji.

Wakasubiri. Jua likapanda. Tarumbeta zikapiga wimbo wao wote, ambao ulikuwa mmoja, zikaurudia. Saa sita ikapita. Mwenyekiti akaona watu wanaanza kuchoka, na yeye hotuba ilikuwa inamwasha mfukoni. Akakohoa, akakigeukia kiti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, popote ulipo," alianza.

Watu wakapiga makofi. Akakieleza kiti shida za mji, toka ya maji hadi ya mbwa. Akakishukuru kwa uvumilivu. Mzee mmoja nyuma alisema huyu ndiye mgeni rasmi wa kwanza anayesikiliza mpaka mwisho.

Binti alirudi wakati huo. Mlango wa bluu hakuuona. Aliona tarumbeta, wanafunzi, mwenyekiti amemwinamia mamake anamwomba taa za barabarani. Akapenya watu kwa kiwiko.

"Baba! Umefanya nini?"

"Mh!"

"Toa hivyo vitu mdomoni! Saa saba hii! Mlango haupo, umebaki mji mmoja, na gari narudisha leo!"

Hapo Misumari akashtuka. Mji mmoja na mchana nusu. Hakungoja aone hotuba inaishia wapi. Akakinyakua kiti, akakitwika kichwani, akageuka kuelekea juu, barabarani, maana chini palijaa watu.

Mbele yake utepe.

Mtu aliyebeba kiti kichwani hainami. Misumari alitia mkono kwenye koti, akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa, mkubwa, mweusi, akakata. Alikata kama fundi, mara moja, bila kuchanachana.

Ncha mbili za utepe zikaanguka. Halafu mama muuza maji akapiga kigelegele, tarumbeta zikalia, na watu wakaanza kupita. Walipita wima. Wengine walifika pale wakainama kwa mazoea, wakakumbuka, wakacheka, wakarudi chini ili wapite tena. Mwenyekiti alikuwa akilia, haijulikani kwa furaha au kwa ukurasa wa mwisho ambao hakuusoma.

Mpiga picha aliwafuata mpaka juu, anahema. Aliiona picha mkononi mwa binti.

"Hizo ngazi zetu," alisema. "Lakini huo mnara si wetu. Nani kawauzia? Hii kazi ya Mpiga Chapa wa mji unaofuata. Kalenda zote za zamani katoa yeye. Muulizeni yeye mji uko wapi, kama ana uso wa kuwajibu."

Binti alikimbia kushuka ngazi tisini na mbili kuchukua gari. Alipozunguka nalo mpaka juu, bendi ilikuwa imekizunguka kiti na inakipigia ule wimbo mara ya tisa.

*

Duka la Mpiga Chapa lilikuwa ndani, mbali na maji. Mwenyewe alikuwa mzee rika la Misumari, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Aliishika picha kwa ncha, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake.

"Heh! Ya duka la magodoro! Bado ipo hii?"

"Mji gani?" aliuliza Misumari. Misumari yake ilikuwa mfukoni. Aliuliza kwa mdomo wazi.

"Mji gani?" Mpiga Chapa alicheka. "Ndugu yangu, huo si mji. Mwenye magodoro alitaka mji mzuri. Nikatembea pwani yote. Mji uliokuwa mzuri wote haukuwepo. Huku mnara, kule jalala. Huku ngazi, juu yake choo. Basi nikachukua mkasi na gundi. Mnara wa kule mji wa kwanza. Ngazi za pale pa pili. Bahari niliigeuza, ilikuwa inagongana na ukuta. Mawingu nimeyatoa kwenye tangazo la sabuni."

Binti aliweka mkono mdomoni. Babake hakutikisika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa bei.

Miaka kumi na minane ya kidole, juu ya mji wa gundi.

"Na mlango?" aliuliza.

"Mlango upi?"

"Wa bluu."

"Aa, huo wangu," alisema Mpiga Chapa. "Wa nyuma hapo. Ilibaki nafasi, nikabandika."

Misumari akatoka. Akakifungua kiti mkanda, akakibeba, akapita uchochoro wa pembeni. Binti na Mpiga Chapa wakamfuata.

Mlango ulikuwa bluu. Umebabuka chini, lakini bluu. Mbele yake hapakuwa na bahari. Palikuwa na tangi la maji la plastiki, jeusi, kamba ya nguo, na ukuta wa jirani ulioandikwa kwa mkaa kwamba ni marufuku kukojoa. Bahari ilikuwa mitaa mitatu nyuma.

"Baba," binti alisema taratibu, "si lazima hapa. Tumpeleke ufukweni. Bado kuna saa moja. Tumpeleke mahali pazuri."

"Alisema hapa."

Akachukua picha. Akaliangalia doa. Akapiga hesabu kwa macho kama apimavyo kochi, akapima toka mlangoni kwenda kushoto, shubiri tatu na vidole viwili. Akakiweka kiti. Akakisogeza kidogo. Akakiacha.

Kisha akaijaza misumari mdomoni, akasimama kando, mikono nyuma. Kiti kikatazama tangi.

Tone likadondoka toka kwenye bomba. Hakuna aliyejua kinachofuata ni nini, hata Misumari. Alikuwa ameahidi kukalisha. Habari ya baada ya hapo hawakuizungumza.

Mlango wa bluu ukafunguliwa. Akatoka mama mmoja wa makamo, mnene, na beseni la nguo mbichi kiunoni. Alikuwa mke wa Mpiga Chapa. Akawaona watu. Akaona kiti.

"Ee! Nani kaniwekea kiti mlangoni kwangu?"

Na kabla mtu hajasema, akaweka beseni chini, akakaa.

Binti alitoa sauti ndogo. Misumari akaruka hatua moja, mkono mbele, macho yamemtoka. Alitaka kupiga kelele, lakini misumari ilikuwa kumi na miwili.

Halafu akaona.

Akaona kiti kinavyobonyea, springi zinashuka taratibu, sponji inajaza kiuno, kitambaa hakijikunji. Hakuwahi kukiona kiti kile na mtu. Alikimaliza kikabaki kitupu, na fundi hajui kiti chake mpaka kikaliwe. Miaka arobaini na mmoja hakuna kochi lililotoka kwake bila mteja kukaa kwanza, na yeye kumuuliza swali moja.

Aliitema misumari kwenye kiganja.

"Mgongo unasemaje?"

Mama akaegemea. Akatafuta. "Mgongo unashukuru. Lakini huku kushoto, baba, kuna springi inanichokoza kwenye paja."

"Kushoto?"

"Kushoto. Kama mtu ananifinya."

"Inuka kidogo, mama."

Akainuka. Misumari akapiga magoti kwenye maji ya tangi na koti lake la safari. Akakipindua kiti. Springi ya kushoto alikuwa ameifunga upya kwa haraka siku zile mbili. Alitoa nyundo ndogo mfukoni. Akaikaza. Akagonga msumari mmoja, wa pili, wa tatu. Akaitumia yote kumi na miwili, hata pasipohitaji. Akakirudisha kwenye alama yake, akapima tena.

"Haya."

Mama akakaa. Akajizungusha. Akanyoosha miguu, akaegemea mpaka kichwa kikagusa ukuta, akafumba macho.

"Mume wangu!" aliita. "Mume wangu, njoo uone kiti!"

"Naam," alisema Mpiga Chapa.

"Naam," alisema Misumari.

Waliitika pamoja. Mpiga Chapa akamtazama mwenzake, akafikiri kumtania. Akauona uso wake, akaanza kuanika nguo zilizokuwa kwenye beseni, moja moja, mgongo amewapa.

*

Kiti walikiacha pale. Mama aliuliza amshukuru nani, Misumari akamwambia mwenye kiti alikuwa mtu wa maneno mengi, mshukuru tu kwa sauti, atasikia.

Waliporudi walipita barabara ya juu ya zile ngazi. Utepe ulikuwa umefungwa tena. Waliufunga fundo katikati, wakisubiri mgeni rasmi mwenyewe. Watu wanainama. Binti alicheka mpaka akasimamisha gari. Babake naye. Mamake angecheka kuliko wote, yule mwanamke alikuwa hajizuii mtu akikosea.

"Baba, hamia mbele basi. Unanifanya niwe dereva wa teksi."

Akahamia. Akakaa mahali pa kiti. Gari likaanza. Ti, ti, ti, ti.

Alitia mkono mfukoni kutafuta misumari. Haikuwepo hata mmoja. Akauvuta mkanda, akauhangaikia, akaubana.

Gari likanyamaza.

"Sasa," alimwambia binti yake, "nikueleze jinsi nilivyomchumbia mamako."